Kitunda Kisichokuwepo e6: Uchambuzi wa Kafara ya Askofu Iliyoshindwa

Kisa chenyewe

Kisa hiki kinahusu hatua moja, hatua ya 13, katika mchezo wa sataranji uliochezwa na wachezaji wawili wa ngazi ya klabu, kila mmoja akiwa na dakika 60 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Mweupe alimtoa kafara askofu wake kwenye mraba wa h7 mbele ya mfalme aliyekuwa kasrini, akiamini kwamba anafuata njia iliyokwisha kupimwa na vizazi vya wachezaji waliomtangulia, na hatua nane baadaye akajikuta yuko nyuma kwa ngome nzima. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa kwa makubaliano na wote wawili, lakini hatua zenyewe zimeachwa kama zilivyochezwa. Mimi nilikuwa mkufunzi wa Mweupe wakati huo. Mara baada ya mchezo niliketi nao wote wawili, nikamwomba kila mmoja aeleze alichokiona kabla ya kugusa kete, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inatokana na mazungumzo hayo.

Hatua zimeandikwa kwa herufi za kimataifa: K ni mfalme, Q ni malkia, R ni ngome, B ni askofu na N ni farasi, ilhali kitunda hakina herufi. Alama ya x ni kula, + ni cheki, # ni chekimeti, O-O ni kuingia kasri upande wa mfalme, na nukta tatu baada ya namba huonyesha hatua ya Mweusi.

Usuli wa kafara hii

Kafara ya askofu kwenye h7 ni miongoni mwa mashambulizi ya zamani kabisa yaliyohifadhiwa kwa maandishi. Mwitaliano Gioachino Greco aliiandika mnamo mwaka 1620 katika mchezo mfupi unaoanza 1.e4 e6 2.d4 Nf6 3.Bd3 Nc6 4.Nf3 Be7 5.h4 O-O 6.e5 Nd5, kisha 7.Bxh7+ Kxh7 8.Ng5+ Bxg5 9.hxg5+ Kg8 10.Qh5 f5 11.g6 Re8 12.Qh8#. Mfumo wake ni rahisi kukariri: askofu anakula h7, mfalme anamla askofu, farasi anaruka g5 kwa cheki, malkia anakuja h5, na h7 inakuwa kaburi la mfalme.

Wepesi huo wa kukariri ndio uliomponza Mweupe. Mwaka mzima nilikuwa nimemfundisha masharti yake kama yanavyofundishwa kila mahali, yaani kitunda cheupe kiwe e5 ili farasi mweusi asiweze kusimama f6, g5 isiwe imelindwa vya kutosha na Mweusi, malkia awe na njia ya kufika h5, na ikiwezekana askofu wa pili awe anaitazama h6 kutoka c1. Nakiri mapema kwamba orodha hiyo niliyompa ilikuwa na pengo, na kwamba pengo hilo ndilo lililoamua mchezo.

Mkao kabla ya kafara

Mchezo ulifuata njia ya Kiitalia inayojulikana: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.c3 Nf6 5.d4 exd4 6.e5 d5 7.Bb5 Ne4 8.cxd4 Bb6 9.O-O O-O 10.Nc3 Nxc3 11.bxc3 Ne7 12.Bd3 c5.

Msomaji apange ubao kabla ya kuendelea. Mweupe ana mfalme g1, malkia d1, ngome a1 na f1, maaskofu c1 na d3, farasi f3, na vitunda a2, c3, d4, e5, f2, g2 na h2. Mweusi ana mfalme g8, malkia d8, ngome a8 na f8, maaskofu c8 na b6, farasi e7, na vitunda a7, b7, c5, d5, f7, g7 na h7. Kete ziko sawa kwa sawa, na ni zamu ya Mweupe kucheza hatua ya 13.

Mkao huu unavutia sana kwa jicho la mshambuliaji. Farasi mweusi aliyezoea kulinda h7 kutoka f6 hayupo kabisa, kwani alibadilishana kwenye c3. Malkia mweusi wa d8 angeilinda g5 kwa mshazari, lakini farasi wake mwenyewe wa e7 amemzibia njia. Kitunda cha e5 kinaikaba f6. Askofu wa c1 anaona moja kwa moja hadi h6. Kila sharti nililomfundisha limetimia, tena kwa uwazi kuliko katika mifano mingi ya darasani.

Alichofikiri Mweupe

Mweupe alitumia dakika 11 kwa hatua hii. Hakuwa na pupa, na jambo hilo lizingatiwe na wale wanaodhani kwamba kafara mbovu huzaliwa na haraka tu. Alieleza kwamba alihesabu majibu yote manne ya mfalme baada ya 13.Bxh7+ Kxh7 14.Ng5+.

Mfalme akienda h8, 15.Qh5+ Kg8 16.Qh7# inamaliza mchezo. Akienda h6, farasi anakula f7 kwa cheki ya watu wawili, yake mwenyewe na ya askofu wa c1 aliyefunuliwa nyuma yake, na malkia wa d8 anapotea kwa sababu cheki ya namna hiyo haijibiwi kwa kula wala kwa kuziba. Mahesabu haya mawili ni sahihi.

Kwa mfalme kutoka kwenda g6, aliona 15.Qg4, akitishia kumwondoa farasi kwa cheki ya kufunuliwa, na akaona inatosha. Kwa mfalme kurudi g8, aliona 15.Qh5 na tishio la chekimeti h7, na jibu la pekee alilolipata kwa Mweusi lilikuwa 15...Re8 ili kumfungulia mfalme f8. Hapo alipanga 16.Qxf7+ Kh8 17.Qh5+ Kg8, na akajiambia kwamba hata asipopata zaidi, malkia anaweza kurudi f7 na h5 bila kikomo na mchezo ukaisha kwa sare. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtia moyo, kwa kuwa aliona kwamba hatari yake kubwa kabisa ni sare.

Hata hii ya Re8 aliihesabu sawasawa. Baada ya 16.Qxf7+ mfalme hana pa kwenda isipokuwa h8, na baada ya 17.Qh5+ hana pa kwenda isipokuwa g8. Mtu anayehesabu hivyo si mchezaji mzembe.

Mfuatano wa matukio

Mweupe alicheza 13.Bxh7+ na kubonyeza saa. Mweusi alikula askofu baada ya nusu dakika, farasi akaja g5, na hapo Mweusi akakaa dakika nne bila kugusa kitu. Kisha akarudisha mfalme g8, Mweupe akaleta malkia h5 papo hapo, na Mweusi, bila hata kuinua macho, akasogeza askofu wa c8 hadi f5.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka mezani, na nilimwona Mweupe akitazama c8 kabla ya kutazama f5, kana kwamba anathibitisha kwamba askofu huyo kweli alikuwa pale.

Kutoka f5 askofu anailinda h7. Malkia wa h5 hawezi kumla kwa sababu farasi mweupe wa g5 amesimama kati yao kwenye safu ya tano, na hata angeweza, farasi mweusi wa e7 anamlinda. Mweupe alijaribu kumfukuza kwa 16.g4, askofu akarudi g6, bado kwenye mshazari uleule, safari hii akiwa amelindwa na farasi wa e7 na kitunda cha f7 pamoja, tena akimshambulia malkia. Ikafuata 17.Qh4 Qd7. Hatua hii ya malkia mweusi haina kelele lakini ina kazi tatu: inaikaba e6 ili Mweupe asivunje kwa kitunda cha e, inaongeza ulinzi wa f5, na inamfunga malkia mweupe kwenye ulinzi wa g4.

Mweupe alicheza 18.h3 ili kumwachia malkia uhuru. Mweusi akajibu 18...cxd4 19.cxd4 Bxd4, na hapo ndipo gharama yote ya kafara ilipoonekana. Askofu wa d4 anamtishia ngome wa a1, na ngome hana pa kukimbilia: b1 inakabwa na askofu wa g6 kupitia f5, e4, d3 na c2, zote zikiwa tupu, na hata akimla ngome kwenye b1 askofu huyo bado yuko kwenye mshazari unaolinda h7. Askofu aliyemwokoa mfalme ndiye huyo huyo aliyefunga mlango wa ngome. Mweupe alicheza 20.Be3, Mweusi akala 20...Bxa1, na baada ya 21.Rxa1 Mweusi alikuwa mbele kwa ngome nzima, vitunda vikiwa vitano kwa vitano. Mweupe aliendelea hatua chache kisha akakubali kushindwa.

Uamuzi wa Mweusi

Dakika nne za Mweusi zinastahili kuelezwa, kwa sababu hazikutumika kama nilivyodhani. Nilifikiri alikuwa akitafuta ulinzi baada ya Kg8. Kumbe Bf5 alikuwa ameiona kabla hata ya kula askofu, na muda wote ule alikuwa akilinganisha Kg8 na Kg6.

Kuhusu Kg6 aliona jambo ambalo Mweupe hakuliona: mpango wa 15.Qg4 haupo kabisa, kwa sababu askofu wa c8 anaitazama g4 kupitia d7, e6 na f5, na angemla malkia bure. Mweupe angelazimika kutafuta kitu kingine, kwa mfano 15.Qd3+, ambayo nayo inazibwa na askofu huyo huyo kwenye f5. Lakini baada ya 16.Qg3 farasi wa g5 anabaki na cheki ya kufunuliwa mkononi, na Mweusi alisema hakupenda kuishi na jambo hilo ilhali Kg8 ilimpa jibu safi. Naona alihukumu vyema. Mwenye kete ya ziada hana sababu ya kutembeza mfalme katikati ya uwanja ili athibitishe kwamba anaweza.

Nilipomuuliza aliionaje Bf5 mapema hivyo, alijibu kwamba alikuwa anakusudia kuicheza hata kama Mweupe asingetoa kafara. Ilikuwa hatua yake ya kawaida ya kuendeleza kete. Alikuwa ameichelewesha kwa zamu moja tu ili kwanza asukume c5.

Uchambuzi: e6

Turudi kwa Greco. Katika mchezo wake kitunda cheusi kiko e6 tangu hatua ya kwanza. Katika mchezo wa Emanuel Lasker dhidi ya Johann Bauer, Amsterdam 1889, ambako Lasker aliwatoa kafara maaskofu wote wawili kwa 15.Bxh7+ na 17.Bxg7, kitunda cheusi kiko e6. Katika mchezo wa Edgard Colle dhidi ya John O'Hanlon, Nice 1930, ambako kafara ilikuja hatua ya 12 na mfalme akatoka kwenda g6, kitunda cheusi kiko e6. Ukichukua mifano inayotumiwa zaidi kufundishia kafara hii, mingi inatoka kwenye ulinzi wa Kifaransa au kwenye mifumo ya kitunda cha malkia, na katika mifumo hiyo kitunda cha e6 ni sehemu ya samani za nyumba. Kipo kila mara, kwa hiyo hakuna anayekitaja.

Kazi ya kitunda hicho katika kafara ni kubwa. Kinamzibia askofu wa c8 njia ya kwenda f5 na g4, miraba miwili ambayo mashambulizi yote mawili makuu, Qh5 dhidi ya mfalme wa g8 na Qg4 dhidi ya mfalme wa g6, yanaitegemea iwe huru. Mshazari wa b1 hadi h7, ambao Mweupe ndiye aliyeumiliki kabla ya kafara, unabaki bila mwenyewe mara tu askofu wa d3 anapotolewa, na kete yoyote nyeusi inayoweza kuuingia inaurithi. Kitunda cha e6 kinapokuwepo, askofu wa c8 si mrithi. Kinapokosekana, yeye ndiye wa kwanza mlangoni.

Kwa kulinganisha, tuchukue mkao wa Kifaransa unaotokea baada ya 1.e4 e6 2.d4 d5 3.Nc3 Nf6 4.e5 Nfd7 5.Nf3 c5 6.dxc5 Nc6 7.Bf4 Bxc5 8.Bd3 O-O. Hapa 9.Bxh7+ Kxh7 10.Ng5+ Kg8 11.Qh5 Re8 inaishia 12.Qxf7+ Kh8 13.Qh5+ Kg8 14.Qh7+ Kf8 15.Qh8+ Ke7 16.Qxg7#. Mfalme wa e7 amezingirwa na kete zake mwenyewe kwenye d8, d7, e8 na e6, na kitunda cheupe cha e5 kinazikaba d6 na f6. Askofu wa c8 ni mtazamaji tu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa amefungiwa na farasi wa d7 na kitunda cha e6. Mfalme akienda h6 malkia anapotea kwa Nxf7+, na njia pekee inayoacha ubishi ni Kg6, ambako hata hivyo hakuna askofu wa kuizuia g4.

Mweupe alikuwa amecheza mkao huu wa Kifaransa mara nyingi katika mazoezi. Aliuchukua mfumo mzima akaupeleka kwenye nyumba nyingine, akahesabu madirisha na milango, akakuta vyote vipo, na hakugundua kwamba ukuta mmoja haukujengwa. Jicho lilikwenda kutafuta vitu vilivyopaswa kuwepo, yaani kitunda cha e5, farasi wa f3, njia ya malkia. Kitu kilichopaswa kuwepo upande wa adui hakikuwa kwenye orodha.

Uchambuzi: d4

Kosa la pili ni dogo kuliko la kwanza lakini ndilo lililofanya kushindwa kuwe kwa ngome badala ya askofu. Kabla ya hatua ya 13 kitunda cha d4 kililindwa na kitunda cha c3 na farasi wa f3, na malkia wa d1 alikuwa nyuma yake, akizibwa tu na askofu wa d3. Kafara iliwaondoa wote isipokuwa c3: askofu akafia h7, farasi akaenda g5, malkia akaenda h5. Hatua tatu, walinzi wote wa maana wameondoka. Wakati huohuo Mweusi alikuwa na c5 na askofu wa b6 wakiitazama d4, na nyuma ya d4 kuna mstari mrefu hadi a1.

Mara nyingi tunahesabu kafara kama deni la kete moja. Hapa deni lilikuwa pia la mraba. Mweupe alipojua kwamba h7 haitafunguka, jambo ambalo lilikuwa wazi tangu 16...Bg6, alipaswa kuuliza ni kitu gani kingine ameacha wazi nyumbani. Kwenye hatua ya 18 alikuwa bado na 18.dxc5 Bxc5, ambayo inaacha kitunda cha c3 kikiifunika a1, na hasara inabaki askofu mmoja kwa kitunda kimoja. Ni mkao mbaya, lakini ni mkao ambao mpinzani wa ngazi hii bado anaweza kuuharibu. Badala yake alicheza 18.h3, hatua ya mtu ambaye akili yake imebaki upande wa mfalme mweusi.

Kuhusu 16.g4 nina shaka kama inastahili lawama nyingi. Ilimpeleka askofu mahali pazuri zaidi na kumlegezea mfalme mweupe vitunda vyake, hilo ni kweli, ila sikupata hatua nyingine ambayo ingerudisha shambulio. Mchezo ulikuwa umekwisha kuamuliwa.

Kilichofaa

Si kila kitu kilikwenda vibaya. Mweupe alihesabu miraba yote ambayo mfalme angeweza kwenda, na wachezaji wengi wa ngazi hii huhesabu Kg8 peke yake. Alitafuta sare kama kinga kabla ya kutoa kafara, na tabia hiyo ni nzuri hata pale inapojengwa juu ya hesabu yenye upungufu. Alitumia muda wa kutosha.

Kilichopungua ni namna ya kuuliza swali kwenye hatua ya 15. Aliuliza, "Mfalme anaweza kukimbilia wapi baada ya Qh5?" na akapata f8, kwa hiyo akapata Re8. Hakuuliza, "Ni kete gani nyeusi inaweza kufika kwenye mraba unaoiona h7?" Swali la pili lingempitisha kwenye kila kete ya Mweusi moja baada ya nyingine: farasi wa e7 anafika c6, f5 na g6, na hakuna hata mmoja kati ya miraba hiyo unaoiona h7 kwa mruko wa farasi; malkia wa d8 hana njia ya kuuingia mshazari wa b1 hadi h7 kwa hatua moja; askofu wa b6 ni wa miraba ya rangi nyingine; askofu wa c8 anafika f5. Kazi ya sekunde 30. Tangu siku ile nimelihamisha swali hili kutoka mwisho wa orodha yangu na kuliweka mwanzo, kabla ya kitunda cha e5 na kabla ya mraba wa g5.

Hatua mbadala

Tulipomaliza kuchambua, Mweupe aliuliza jambo ambalo lilinifurahisha kuliko mengine yote: je, wazo la kushambulia h7 lilikuwa baya, au ni mpangilio wake tu? Tulirudisha kete kwenye hatua ya 13 na kujaribu kumtanguliza farasi, 13.Ng5, askofu akibaki d3.

Hapa Mweupe hajatoa kitu. Farasi wa g5 analindwa na askofu wa c1, na h7 inatishiwa na wawili. Mweusi analazimika kuonyesha jibu lake wakati askofu mweupe bado yuko ubaoni. Akicheza 13...Bf5, basi 14.Bxf5 Nxf5 15.dxc5 Bxc5 inaacha kete sawa kwa sawa. Akicheza 13...h6 farasi anaweza kurudi f3, na kilichopotea ni muda tu. Mweupe hapati ushindi kwa lazima, na Mweusi akijibu sawasawa pengine hapati hata faida ya kutajwa, lakini swali la h7 linaulizwa bila malipo.

Kisha Mweusi, ambaye alikuwa bado ameketi nasi, akasogeza 13...c4 kwa ajili ya kujaribu, akimshambulia askofu wa d3. Mweupe akacheza 14.Bxh7+ Kh8 15.Qh5. Mfalme hawezi kumla askofu kwa sababu farasi wa g5 anamlinda, na malkia anasubiri nyuma ya askofu kwenye mstari wa h. Mweusi, kwa mazoea ya mchezo uliotangulia, akapeleka mkono c8 na kumweka askofu f5. Safari hii Mweupe alikuwa bado na askofu wa kumjibu: 16.Bxf5+ Kg8 17.Qh7#.